Kanda Mama Ikipotea: Je, Santuri Inaweza Kusema kwa Niaba Yake?

Kampuni inapotaka kutoa upya albamu ya miaka ya 1960 katika mono (sauti ya chaneli moja), ikafungua ghala na kukuta kanda mama, yaani kanda ya mchanganyo wa mono ambamo ala na sauti zote zimekwisha kuunganishwa, haipo, hubakiwa na njia tatu. Inaweza kuchukua kanda ya stirio, ambayo mara nyingi ndiyo iliyosalia, na kuziunganisha chaneli zake mbili kuwa moja. Inaweza kuahirisha kazi mpaka kanda ionekane, jambo ambalo huenda lisitokee kamwe. Au inaweza kutafuta nakala safi kabisa ya santuri ya toleo la kwanza na kunakili sauti kutoka humo. Njia ya tatu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wapenzi wengi wa muziki wanaojali ubora wa sauti, wakisoma kwamba toleo jipya limetokana na santuri, hawalipi hata dakika moja ya kulisikiliza. Huliita nakala ya nakala, na mjadala unaishia hapo. Naona hukumu hiyo inatolewa haraka mno, na chanzo chake ni kuchanganya vitu viwili vilivyo tofauti: kanda, na kazi iliyohifadhiwa ndani ya kanda.

Kwa albamu nyingi za Uingereza na Marekani zilizotengenezwa kabla ya 1968, mono haikuwa stirio iliyopunguzwa, bali ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. The Beatles walikuwapo studioni mono ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ilipokuwa ikichanganywa mwaka 1967. Stirio waliachiwa mtayarishaji wao, George Martin, na mafundi wake, wakaimaliza kwa muda mfupi zaidi bila wanamuziki. Tofauti zilizotokea hazihitaji sikio la fundi ili zitambulike: “She's Leaving Home” ya mono inakwenda kasi zaidi, na iko juu kwa nusu toni, kuliko ile ya stirio. Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa, aliitengeneza albamu ya Pet Sounds ya 1966 katika mono, na mchanganyo wake kamili wa stirio haukutoka hadi 1997.

Lakini tofauti za kasi na viwango vya sauti si kiini cha hoja yangu. Liko jambo zito zaidi, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Studio nyingi za miaka ile zilikuwa na mashine za kurekodi zenye njia tatu au nne tu, kila njia ikiwa ni ukanda wake wa sauti ndani ya kanda moja. Njia hizo zilipojaa, sehemu ya mwisho ya wimbo ilipigwa papo hapo wakati wa kuchanganya: kanda ya njia nyingi inazunguka, gitaa au tarumbeta inapigwa studioni, na vyote viwili vinaingia pamoja kwenye kanda ya mono. Sehemu iliyopigwa namna hiyo haimo kwenye kanda ya njia nyingi na haijawahi kuwamo. Iko mahali pamoja tu, napo ni kwenye mchanganyo wa mono.

Mfano unaonigusa zaidi ni albamu ya kwanza ya The Who, My Generation, ya mwaka 1965. Mtayarishaji wake, Shel Talmy, alipoichanganya upya kwa stirio kwa ajili ya toleo la 2002, alirudi kwenye kanda za njia nyingi, ambazo kwa kipimo cha kawaida ndizo chanzo bora kupita vyote, kwa kuwa ziko karibu zaidi na wapigaji kuliko kanda nyingine yoyote. Sauti ilitoka safi ajabu. Hata hivyo baadhi ya sehemu za gitaa ambazo wasikilizaji walikuwa wakizijua kwa karibu miaka 40 hazikuwapo, kwa sababu zilikuwa zimeongezwa moja kwa moja kwenye mono. Baadaye, katika toleo jingine la stirio, Pete Townshend mwenyewe alizipiga upya sehemu hizo ili kuziba mapengo. Tujiulize maana yake kwa utulivu: chanzo kilicho bora kwa kipimo cha sauti kilikuwa kimepungukiwa na muziki wenyewe, na mwenye gitaa akalazimika kujiiga baada ya takriban nusu karne. Jambo kama hilo lilitokea kwenye Odessey and Oracle ya The Zombies, iliyotoka 1968. Ala za shaba za “This Will Be Our Year” ziliingizwa moja kwa moja kwenye mono, kwa hiyo kampuni ilipotaka albamu nzima iwe ya stirio, wimbo huo haukuwa na njia ya kuwa stirio halisi. Kama kanda za mono za nyimbo za aina hii zingepotea zote, na mtu akashika nakala ya santuri iliyo safi, je, tungemwambia airudishe kabatini kwa sababu si kanda?

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ni mifano michache, na kwamba kwa albamu ya kawaida inatosha kuikunja stirio iwe mono. Hapa ndipo desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zinaponinyima usingizi. Sauti iliyowekwa katikati ya stirio iko sawasawa kwenye chaneli zote mbili; iliyowekwa pembeni iko kwenye chaneli moja tu. Ukiziunganisha chaneli hizo kwa umeme, volteji ya sauti ya katikati huongezeka maradufu, yaani desibeli 6, wakati ya pembeni inabaki ilivyo. Chumbani, sauti mbili zinapokutana hewani kutoka kwenye spika mbili, nyongeza hiyo huwa kama desibeli 3. Kwa hiyo stirio iliyokunjwa inasukuma mbele kila kilichokuwa katikati kwa takriban desibeli 3 kupita alivyokusudia aliyeichanganya. Nambari ni ndogo kuiandika, lakini fundi anayechanganya wimbo hubishana na nafsi yake juu ya desibeli 1, na desibeli 3 ni nguvu maradufu. Mwimbaji anasogea mbele ya bendi, besi inavimba, na kinanda cha pembeni kinazama. Kilichorekodiwa kwa mawimbi yanayopingana kati ya chaneli mbili, kama vile baadhi ya mwangwi, kinapungua au kufutika kabisa. Si suala la ladha tu: mwaka 1968 baadhi ya kampuni za Marekani zilianza kutumia mfumo ulioitwa Haeco-CSG, uliogeuza mawimbi ya chaneli moja kwa digrii 90 ili katikati isivimbe pale stirio itakapopigwa kwenye chombo cha mono. Mfumo huo uliiponya mono kiasi, lakini ukaivuruga stirio yenyewe, na kanda kadhaa za kipindi hicho bado zina alama yake. Waliokuwa kazini wakati ule walijua kabisa kwamba kukunja si sawa na kuchanganya.

Upande wa pili una hoja za kweli, nami sitaki kuzipuuza. Santuri ni chombo chenye mipaka. Fundi aliyeikata alipunguza besi ili sindano isiruke, akabana vilele vya sauti ili upande mmoja utoshe dakika 20 na zaidi, na mifuo inavyokaribia kitovu ndivyo sauti nyembamba za juu zinavyoanza kukwaruza. Nakala iliyopigwa mara nyingi kwa sindano nzito ya zamani ina majeraha yasiyopona, na programu ya kuondoa mikwaruzo isipotumiwa kwa mkono mwepesi hula matoazi pamoja na uchafu. Zaidi ya hayo kuna hofu ya kiutendaji ambayo naiheshimu: toleo lililotokana na santuri likishatoka na kuuzwa vizuri, kampuni haina tena sababu ya kuendelea kuitafuta kanda, ilhali kanda zinazosemekana zimepotea mara nyingine zimewekwa tu kwenye sanduku lenye jina lisilo lake.

Sifa mbaya ya njia hii, kwa upande mwingine, haikutokana na mafundi wanaoifanya kwa uangalifu. Ilitokana na wanaoificha. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazikunufaika na nyongeza ya muda wa ulinzi wa haki za rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, hivyo yeyote anaweza kuzichapisha. Soko likajaa santuri mpya za jazi na roki zisizosema hata neno moja kuhusu chanzo chake, nyingi zikiwa na sauti butu. Msikilizaji aliyenunua tano kati ya hizo ana haki ya kuwa na shaka na ya sita. Lakini kosa hapo ni ukimya. Mwaka 2022 Mobile Fidelity, kampuni iliyojijengea jina kwa kutaja kanda mama kwenye majalada yake, ilikiri kwamba kwa miaka kadhaa ilikuwa ikipitisha sauti kwenye hatua ya dijitali bila kuwaambia wateja, na wanunuzi wakaenda mahakamani. Wengi wao walikuwa wamezisifu santuri zile zile kwa masikio yao wenyewe. Kilichowaumiza ni kudanganywa kuhusu njia, na hilo lingewauma vilevile hata kama sauti ingekuwa bora mara mbili.

Ningependa pia wanaoikataa santuri wajue kazi yenyewe inavyofanywa. Mfuo wa mono umekatwa kwa kuyumba kushoto na kulia tu. Haupandi wala haushuki. Uchafu na mikwaruzo hutikisa sindano pande zote. Fundi anapoinakili santuri ya mono kwa kichwa cha sindano cha stirio na kuziunganisha chaneli mbili kwa usahihi, mtikisiko wote wa juu na chini hujifuta wenyewe, na muziki unabaki bila kuguswa na programu yoyote. Kisha kuna unene wa sindano. Santuri nyingi za mono zilikatwa kwa ajili ya sindano ya mikroni 25; mtu akitumia nyembamba au nene kidogo, ncha hugusa sehemu ya ukuta wa mfuo ambayo haikuwahi kuguswa na mchezaji wa kwanza, na nakala iliyodhaniwa imechoka huweza kusikika kama mpya. Akiwa na nakala tatu nne za toleo moja, anaweza kuchagua wimbo kwa wimbo, hata sekunde kwa sekunde.

Tena, si jambo geni. Nyimbo ambazo mwanamuziki wa blues Charley Patton alirekodi kwa kampuni ya Paramount mwaka 1929 na 1930 zinatufikia kupitia santuri za lakri (shellac) pekee, kwa sababu vyuma vya kuchapia vya kampuni hiyo havikuhifadhiwa. Hakuna mpenzi wa blues anayezikataa kwa sababu hiyo. Diski ya asetati (diski ya majaribio inayokatwa moja moja) ya bendi ya The Velvet Underground iliyonunuliwa mtaani New York mwaka 2002 kwa senti 75 ilitolewa rasmi mwaka 2012, pamoja na mchakacho wake, kwa kuwa ilibeba michanganyo isiyopatikana kwingine. Hata seti ya mono ya The Beatles ya 2009, ambayo watetezi wa kanda huitaja kama kipimo cha kazi nzuri, ina “Love Me Do” yenye ngoma za Ringo Starr iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri, kwa sababu kanda yake ya Septemba 1962 haipo tena.

Kanda mama nayo haistahili imani isiyohojiwa. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, uliorekodiwa Machi 1959, ulinaswa na mashine iliyokuwa ikizunguka polepole kuliko inavyopaswa, kwa hiyo kila toleo lililotokana na kanda hiyo lilikuwa juu kidogo ya sauti halisi ya bendi. Kasoro ilirekebishwa miaka ya 1990 kwa kurudi kwenye kanda ya akiba iliyorekodiwa na mashine ya pili. Kwa zaidi ya miaka 30 kanda iliyoheshimiwa ndiyo iliyokosea, na iliyowekwa pembeni ndiyo iliyosema kweli.

Kuhusu programu mpya zinazoweza kutenganisha ala ndani ya rekodi moja, kama zilivyotumika kwenye albamu ya The Beatles, Revolver, mwaka 2022 na kuupa wimbo wao “She Loves You” stirio mwaka uliofuata, nina neno fupi tu. Zinatengeneza mchanganyo mpya, na unaweza kuwa mzuri sana. Haziwezi kurudisha maamuzi yaliyofanywa kwenye mono iliyopotea, isipokuwa zilishwe mono hiyo. Na kanda za kipindi cha kurekodi “She Loves You” hazipo, kwa hiyo hata kazi hiyo ya kisasa ilisimama juu ya mchanganyo wa mono wa 1963.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea uko wazi. Kanda ya mchanganyo wa mono ikiwapo na ni nzima, itumike, wala hakuna mjadala. Isipokuwapo, ifuate nakala yake ya akiba, hata ile iliyopelekwa nchi nyingine kwa ajili ya kuchapa. Baada ya hapo ije santuri safi, na jalada liseme hivyo kwa maandishi yanayosomeka: toleo lipi, nakala ngapi, na usafishaji wa kiasi gani. Stirio iliyokunjwa ije mwisho, isipokuwa pale ambapo mono ya awali nayo ilikuwa imekunjwa na kampuni yenyewe, kama ilivyokuwa kwa Yellow Submarine ya 1969 huko Uingereza; hapo hakuna kilichopotea.

Jambo moja halipaswi kungoja mpango wa biashara. Moto wa Long Branch, New Jersey, uliokula kanda za kampuni ya Atlantic mwezi Februari 1978, na ule wa ghala la kampuni ya Universal huko Hollywood tarehe 1 Juni 2008, vimeonyesha kwamba ghala moja haliaminiki. Nakala safi za santuri za mono, kinyume chake, zimetawanyika majumbani, na kila mara sindano inapopita, kitu kidogo kinaondoka kwenye mfuo. Kampuni zenye pengo katika orodha zao zingewatafuta wenye nakala hizo sasa, zikazinakili kwa sindano kadhaa, na kuhifadhi sauti ghafi isiyosafishwa, iwe kuna toleo linalokusudiwa au hakuna.