Kupiga hema Colorado, kupiga hema Kondoa

Huku Colorado ukitaka kulala kwenye hema wakati wa kiangazi, unaanzia kwenye kompyuta. Kambi nyingi za serikali ya Marekani hufungua nafasi miezi 6 kabla, na zile nzuri zinagombewa kama tiketi za Simba na Yanga. Unalipa kwa kadi, unapewa namba ya eneo lako, ukifika unakuta meza, mahali pa kuwashia moto na choo kisafi. Kuni usibebe kutoka mbali, zinasambaza wadudu wanaoua miti; nunua hapohapo. Chakula kifungie kwenye kabati la chuma, dubu wasije. Jirani mnapungiana mkono, basi.

Sikatai, choo tu kinatosha kunifanya niuheshimu utaratibu wao.

Miaka ya tisini mimi na washikaji tulitoka Dodoma mjini na Land Rover ya kuazima, tukashika njia ya Kondoa kwenda Babati. Ni kilomita 251. Lami imekuja kukamilika 2018; enzi zetu ni vumbi na makorongo, kwa hiyo kulala njiani ilikuwa lazima. Jua likianza kuinama mnatafuta balozi wa nyumba kumi, naye anawafikisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Shikamoo zikiisha, mnapewa vigoda na maswali yanaanza: mnatoka wapi, watoto wa nani, kwa nini mlale nje na nyumba zipo?

Karibu na Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mzee mmoja wa Kirangi alitukatalia bondeni. "Wanangu, hapo ni mtoni." Kwa macho ni mchanga mkavu mtupu. Akatuelekeza nyuma ya zizi lake, kisha akamtuma kijana atuonyeshe maji: unafukua mchanga kwa bakuli mpaka mkono uzame kufika kiwiko, unasubiri yajikusanye, ya kwanza unamwaga, ya pili ndiyo unakinga. Usiku fisi walilia, ng'ombe wakahema upande wa pili wa miiba, tukalala.

Wabongo wenzangu wa huku husema nyumbani tulilala bure, bila sheria. Si kweli. Sheria zilikuwepo, tena kali, ila zilisimamiwa na mtu aliyetaka kukujua. Huku mfumo unataka namba ya kadi, ya ukoo wako hayauhusu.

Siku hizi magari ya wageni yanapita Kondoa mbio. Ningekuwa na kauli, vijiji vya njiani vingetoza ada ya hema, kwa risiti, hela zijenge choo na kisima. Nitalipa hata kwa simu. Ila mgeni akishalipa, bado apite kwa mwenyekiti.