Kibali cha Majaribio Kikikaribia Kufa

Ukimkuta mtu anafanya majaribio ya redio ya kusaka magari yaliyoibiwa, usimwulize kama redio inashika. Redio inashika. Mpe pole, kwa sababu kibali chake cha kutumia frekansi kinaisha mwezi ujao na fomu ya kuongeza muda iko mezani inamtazama.

Kazi yenyewe haina uchawi. Traka za kawaida tunazofunga kwenye Noah na IST hapa Lubumbashi husikiliza setelaiti kwenye 1575.42 MHz, halafu hutuma mahali gari lilipo kwa kadi ya simu. Mwizi wa siku hizi anachomeka kifaa cha kuvuruga kwenye tundu la kuwashia sigara, setelaiti kwisha, simu kwisha, na papa mwenye gari anabaki anashangilia ramani inayomwonyesha Noah yake bado imeegeshwa Kamalondo. Gari likipakiwa ndani ya kontena la chuma kwenda mpakani Kasumbalesa, hata kifaa hakihitajiki. Njo maana watu wanarudi kwenye VHF, mawimbi ya redio marefu kuliko ya simu na setelaiti: kiredio kidogo kinafichwa garini, kinanyamaza mpaka kiitwe, kikiitwa kinajibu, na wasakaji wanakifuata kwa antena. Vivuruga vingi vya bei rahisi havifiki huko. Wamarekani walianza na LoJack, mfumo wao wa kusaka magari ya wizi, kule Massachusetts mwaka 1986, kwenye 173.075 MHz, na gari la polisi lilibeba antena nne juu ya paa kuonyesha mwizi ameelekea upande gani.

Lakini 173.075 ni mambo ya Marekani. Huku unaandika ile uliyopangiwa. Na tafadhali, yaya, usilete redio za 915 MHz kwa sababu umeziona nafuu mtandaoni. Kwa Wamarekani 902 hadi 928 ni uwanja wa wote. Sisi tuko kanda nyingine ya dunia, na hapa kati ya 890 na 915 ndiko simu za watu zinakoongea na minara. Utasaka gari moja na kunyamazisha simu za mtaa mzima.

Haya, fomu.

Mahali pa kituo: Lubumbashi iko nyuzi 11 dakika 40 kusini, nyuzi 27 dakika 29 mashariki. Simu yako inaandika -11.67 na 27.48. Ukisahau kale kamstari ka kutoa, kituo chako kimehamia Sudan. Ukigeuza namba, ya kwanza nyuma na ya pili mbele, kamstari kakabaki palepale mbele, antena imezama Atlantiki mbele ya Namibia, na mkaguzi ana haki ya kukuuliza jina la meli. Wengine wanaona 11°40' wanaandika 11.40, kana kwamba dakika ni senti. Dakika zinagawanywa kwa 60, kwa hiyo ni 11.67. Hilo kosa la senti linasogeza mti wako wa antena karibu kilomita 30 kuelekea kaskazini.

Urefu wa antena: wanataka kutoka ardhini, si kutoka baharini. Mti wako una mita 6. Mji huu uko kama mita 1,200 juu ya bahari. Jamaa anasoma altimeta ya simu, anaandika 1,206, na kwenye karatasi mtaa wa Katuba umepata mnara mrefu kuliko majengo yote ya dunia. Halafu anashangaa kwa nini wanamwuliza habari za ndege.

Nguvu: redio ya wati 2 mara nyingi imeandikwa 33 dBm mgongoni, kipimo cha nguvu kinachohesabiwa tofauti na wati. Fomu inauliza wati. Ukinakili 33, umejipandisha cheo zaidi ya mara 16, na kama ada inafuata nguvu, kashia hatakuonea huruma.

Kisha kuna kisanduku cha aina ya mawimbi, ambapo unaandika kitu kama 12K5F1D. Maana yake: upana wa kilohezi 12.5, F ya kuyumbisha frekansi, 1 ya mkondo mmoja wa kidijitali, D ya data. Kijana wa mapokezi anaisoma, anakukazia macho.

"Papa, hii njo plaki ya gari gani?"

Usibishane. Mwambie ni ya redio, na umwombe asiipeleke kwa watu wa magari, maana huko itakaa.

Mtego mkubwa uko hapa: kuongeza muda ni kuongeza muda tu. Umebadilisha frekansi, umeongeza nguvu, umehamisha mti kutoka mtaa wetu wa Kenya kwenda Ruashi, hayo ni mabadiliko, na mabadiliko yana ombi lake. Marekani wametenganisha kabisa: fomu 405 ni ya kuongeza muda, 442 ni ya kibali kipya au cha kubadilisha. Kwao kibali cha majaribio ni cha miaka 2, na ukieleza sababu ya maana kinaweza kufika 5. Hata jina la kuitia kituo lina X katikati, kama daftari la mtoto aliyekosa hesabu. Kisha X hiyo haikulindi: redio ya mtu mwenye haki ya frekansi ikikuvuruga, unavumilia, ukimvuruga wewe, unazima. Na hamna kuuza huduma. Unajaribu.

Sasa watakuuliza ulijaribu nini. "Majaribio yanaendelea vizuri" si jibu, ni salamu. Andika viredio vingapi, saa ngapi hewani, vilisikika umbali gani barabarani na umbali gani gari likiwa ndani ya hangari ya mabati, nani alilalamika, na kwa nini bado unahitaji muda. Kama vilisikika vibaya, sema na sababu yake. Mara nyingi ni antena: gawanya 75 kwa frekansi ya MHz upate urefu wake kwa mita, kwa 173 unapata sentimita 43, na fundi wako ameikunja ndani ya mlango wa chuma kwa sababu "inajificha muzuri". Inajificha hata kwako.

Ukimaliza, peleka mapema, kabla tarehe haijapita, na udai nakala yenye muhuri. Mwenye muhuri akiwa ametoka kula, ngoja. Akirudi akagonga, soma mwaka kabla hujatoka mlangoni. Mihuri ya kuzungusha kwa mkono hukaa Januari nzima na mwaka wa jana, na faili lako litaonyesha uliomba kuongeza muda wa kibali ambacho kilikuwa bado hakijazaliwa.