Himachal Haihitaji Kuitwa Uswisi

Matangazo yanayoiita Himachal, jimbo la milimani kaskazini mwa India, "Uswisi ndogo ya India" yamerudi, kama yanavyorudi kila msimu wa likizo. Picha ni ileile miaka nenda miaka rudi: uwanja wa majani wa Khajjiar, mierezi imeuzunguka, farasi wa kukodi, na maharusi wawili waliovaa miwani ya jua. Kifungua kinywa bure, theluji "uhakika". Pale Khajjiar penyewe pamesimikwa kibao kinachotaja umbali wa kufika Bern, mji mkuu wa Uswisi, zaidi ya kilomita 6,000, na watu hupanga foleni kupigwa picha nacho. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu la Khajji Nag, la karne ya 12, lenye mbao zilizochongwa kwa mkono. Hilo halina foleni.

Mtaniambia ni jina tu, ni biashara, waacheni watu wapate riziki. Haya, wapate. Lakini jina hilo lina gharama, na anayeilipa si wakala wa safari. Mgeni ukishamwambia anakwenda Uswisi, atadai theluji, atadai roshani inayoitazama hiyo theluji, na maji ya moto usiku na mchana. Ili apate roshani yake, mlima unachimbwa ubavuni, nguzo za zege zinasimamishwa kwenye mteremko na ghorofa zinapanda juu yake. Shimla ilijaa zamani. Manali imejaa. Sasa Kasol na Jibhi zimo mbioni. Na mara nyingi kinachobomolewa kupisha ghorofa hizo ni nyumba ya kath-kuni, ujenzi wa kienyeji wa mbao na mawe, ufundi ambao hata hao Waswisi wangekuja kuutazama kwa nauli zao.

Kwa kuwa hakuna tangazo litakalowaeleza nyumba hiyo inajengwaje, tuanze chini.

Kwanza unachimbwa mtaro na kujazwa mawe, kisha mawe yanapandishwa juu ya usawa wa ardhi ili theluji na maji ya mvua yasifikie mbao. Juu ya hapo zinalazwa boriti mbili za mwerezi wa Himalaya, wenyewe wanauita deodar: moja upande wa nje wa ukuta, nyingine upande wa ndani. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, na nafasi iliyobaki kati ya boriti inashindiliwa mawe madogo. Boriti hizo mbili zinafungwa pamoja kwa vipande vifupi vya mbao vilivyochongwa vikawa vipana nchani, hata ukuta ukivutwa huku na huku havichomoki. Kisha linafuata tabaka la mawe bapa, makavu, bila saruji wala chokaa. Kisha boriti tena, kisha mawe tena.

Siri yenyewe iko konani. Boriti za ukuta mmoja zinapita juu ya boriti za ukuta wa pili, na tabaka linalofuata zamu inageuka. Zinapopishana, unapigiliwa msumari wa mti. Chini mawe ni mengi, na kadiri ukuta unavyopanda mawe yanapungua na mbao zinaongezeka. Ghorofa ya juu inatokeza nje kwa roshani, na juu yake ni paa la mabamba ya mawe. Paa hilo ni zito, na uzito wake ndio unaozikandamiza zile tabaka zisizo na saruji zikatulia mahali pake. Ng'ombe wanalala chini na joto lao linapanda. Nafaka inakaa katikati. Watu na jiko juu. Milango ni mifupi na madirisha madogo, kwa sababu baridi ya Januari kule haina mzaha.

Ardhi ikitikisika, nyumba hii haishindani nayo. Mawe yanasuguana, yanasogea kidogo, na msuguano huo unaila nguvu ya tetemeko. Boriti za konani zinazuia kuta zisiachane. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la Kangra liliua watu wapatao 20,000. Kangra na Dharamsala ziligeuka vifusi, na ngome ya kale ya Kangra ikaporomoka. Kasri la Naggar kwenye bonde la Kullu, lililojengwa kwa mawe na mierezi karne kadhaa kabla ya hapo, lilibaki limesimama. Mnara wa Chehni, karibu na Banjar, ulipoteza ghorofa za juu, lakini kiwiliwili chake kipo hadi leo.

Halafu tazameni Agosti 2023. Mvua zilipozidi, majengo kadhaa ya ghorofa ya mji wa Anni, wilaya hiyohiyo ya Kullu, yalianguka mfululizo mbele ya kamera za simu, moja likilivuta jingine. Bahati nzuri watu walikuwa wamehamishwa. Simsemi vibaya anayejenga kwa zege. Zege lililopimwa na mhandisi, likawa na nondo za kutosha na msingi uliofika kwenye mwamba, ni jengo zuri tu. Ninalolisema ni lile zege la haraka: nguzo nyembamba, mteremko uliokatwa wima bila ukuta wa kuuzuia, mifereji iliyoishia popote, na ghorofa moja ikiongezwa kila biashara inapochangamka. Maji yakishaingia nyuma ya mkato ule, udongo unakuwa mzito, unateleza, na nguzo hazina pa kushika.

Mbaya kuliko kubomoa kabisa ni kukarabati nusunusu. Mwenye nyumba anaziba nafasi za mawe kwa saruji, aone amefanya la maana. Unyevu uliokuwa ukitoka kwa kupita kati ya mawe unanaswa ndani, na boriti iliyodumu karne mbili inaanza kuoza kwa ndani bila dalili nje. Waliokaa Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hawahitaji kuelezwa: lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa imewaonyesha mambo hayohayo. Kosa la pili ni kuezua mabamba ya mawe na kuweka bati. Bati ni jepesi, kwa hiyo kuta zinakosa kikandamizo chake. Linapiga kelele mvua ikinyesha, na asubuhi ya baridi linatoa jasho upande wa ndani. Kosa la tatu, na ndilo la hatari kuliko yote, ni kumwaga sakafu ya zege juu ya kuta za mbao na mawe ili kupata chumba cha wageni. Sasa una mzigo mgumu usiopinda juu ya kuta zilizoumbwa kupinda. Siku ya tetemeko kila kimoja kitakwenda upande wake.

Na kuna utapeli mpya: hoteli za zege zilizobandikwa mbao nyembamba nje, zikapewa jina la "nyumba ya asili". Kuzitambua si kazi. Nenda konani. Kama ni kath-kuni ya kweli, utaona vichwa vya boriti vimejitokeza kwa zamu, tabaka hili kutoka ukuta huu, tabaka lile kutoka ukuta ule, na mviringo wa umri wa mti unasomeka kwenye kila kichwa. Kama kona imekutana safi kama fremu ya picha, hiyo ni zege iliyovaa kanzu. Kisha pima dirisha: kina chake kikiwa kiganja kimoja, usidanganyike. Kabla hujatuma hela ya chumba, omba picha ya kona ya nje badala ya picha ya kitanda.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaozihama nyumba hizi wana sababu. Deodar haikatwi ovyo. Mbao za msitu wa serikali mwanakijiji anazipata kwa mgao na baada ya miaka mingi, ilhali saruji inaletwa na lori hadi mlangoni. Ndani kuna giza. Moshi wa jiko umewaumiza macho mabibi wengi. Tena kuna moto: kijiji cha Malana kiliungua mwaka 2008 na kikaungua tena 2021, kwa sababu nyumba zimebanana, kuni na nyasi za mifugo zimejazwa humohumo kwa ajili ya majira ya baridi, na gari la zimamoto halina njia ya kufika. Lakini hayo yana dawa: nyasi zikae kwenye banda la mbali, matangi ya maji yawekwe sehemu ya juu ya kijiji, waya za umeme zipite ndani ya mabomba. Kubomoa si dawa ya moto.

Mengine nitayagusa tu. Reli ya Kalka hadi Shimla, iliyofunguliwa mwaka 1903, ina kilomita 96 na mahandaki 102, na inapanda kutoka mita 656 hadi zaidi ya mita 2,000 kwa njia yenye upana wa milimita 762. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Safari ni ya saa tano hivi. Wanaolalamika kwamba taksi ni ya haraka zaidi wapande taksi, watuachie dirisha. Lakini reli nayo si ya kuchukuliwa poa: Agosti hiyohiyo ya 2023, karibu na Summer Hill, udongo uliondoka chini yake na mataruma yakabaki yananing'inia hewani.

Monasteri ya Tabo, kule bonde la Spiti, ilianzishwa mwaka 996. Ni ya udongo mtupu, na michoro ya ukutani ndani yake ni ya kukufanya unyamaze. Kupiga picha ndani ni marufuku, na marufuku maana yake ni marufuku, hata kama simu yako haina mwanga. Sikukuu ya Dasara ya Kullu inaanza siku ambayo kwingine India inamalizika, inakwenda siku saba, na miungu ya vijijini inaletwa uwanja wa Dhalpur ikiwa kwenye machela mabegani mwa watu wake. Hakuna sanamu ya Ravana, yule mfalme mwovu wa hadithi, inayochomwa. Hifadhi ya Great Himalayan, urithi wa dunia tangu 2014, inaingiwa kwa miguu na kwa kibali, na ni vizuri ibaki hivyo.

Sasa njia, maana hapa ndipo mawakala wanapowaumiza watu. Spiti ina milango miwili. Wa Manali unapita handaki la Atal, lenye kilomita 9 na lililofunguliwa Oktoba 2020, kisha Batal, kisha unavuka kipito cha Kunzum kwenye mita zaidi ya 4,500. Kwa kawaida unafunguka Juni na kufungwa Oktoba, na msitegemee pampu ya mafuta kati ya Manali na Kaza, mji mkuu wa Spiti. Manali iko mita 2,050 hivi, Kaza zaidi ya 3,600. Waliopanda Kilimanjaro wanakumbuka usiku wa Horombo, mita 3,720. Kaza iko karibu usawa huohuo, na gari linakufikisha kwa siku moja bila mwili kupewa nafasi ya kuzoea. Kichwa kinagonga, chakula hakishuki, na mtu anaambiwa ni uchovu wa barabara. Si uchovu. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka, tena usiku huohuo.

Mlango wa Shimla ni mrefu lakini una huruma: lala Sarahan, penye hekalu la Bhimakali na minara yake ya mawe na mierezi, kisha Kalpa, kisha Nako, kisha Tabo, ndipo Kaza. Mwili unapanda ngazi kwa ngazi. Mgeni asiye Mhindi anahitaji kibali cha kupita wilaya ya Kinnaur sehemu ya juu, karibu na mpaka wa China. Kinatolewa Shimla na Reckong Peo, kwa hiyo beba nakala za pasipoti na viza pamoja na picha ndogo. Ukiingia kwa Manali ukaishia Kaza, hukihitaji. Ukitaka kushukia Kinnaur, kichukue Kaza. Julai na Agosti kaeni mbali, mvua inakata barabara kama uzi. Mei, Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba ndiyo miezi yenyewe, na hata hapo wekeni siku mbili za akiba kwa ajili ya mawe yatakayoanguka mahali fulani kati ya Rampur na Pooh.

Wakala akikuahidi Shimla, Manali na Spiti zote kwa likizo ya wiki moja, mwulize kama gari lake lina mabawa.