Wasifu wa kimaksi: asili ya mtu au nafasi aliyoikalia?

Januari 1894 Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx, aliandika barua kumjibu mtu aliyetaka kujua uchumi unaiamua historia kwa kiasi gani. Kuhusu watu wakuu jibu lake lilikuwa fupi: asingekuwapo Napoleon, angetokea mwingine, kwa kuwa Ufaransa iliyochoshwa na vita ilihitaji dikteta wa kijeshi. Miaka minne baadaye Mrusi Georgi Plekhanov akaipa hoja hiyo insha nzima. Kipaji cha mtu, alisema, hubadili sura ya matukio lakini hakigeuzi mwelekeo wake.

Tangu hapo kila anayeandika wasifu kwa mtazamo wa kimaksi, yaani unaoieleza historia kwa uchumi na matabaka, hurithi swali hilo hilo. Kama mwelekeo haugeuki, kurasa mia tano za maisha ya mtu mmoja ni za nini? Wapinzani husema ni lazima usaliti kimoja: ama Umaksi wako, ama mtu unayemwandika. Hoja hiyo ina uzito kuliko Wamaksi wengi wanavyopenda kukiri, na mahali pa kuipimia ni Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, Aprili 1917.

Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, aliteremka kwenye treni usiku wa tarehe 3, kwa kalenda ya zamani ya Urusi. Kesho yake akatoa hoja zake: Serikali ya Muda, iliyoshika nafasi ya mfalme aliyeangushwa, isiungwe mkono hata kidogo, madaraka yaende kwa mabaraza ya wafanyakazi na askari. Tarehe 8 kamati ya chama chake mwenyewe mjini humo ilizipigia kura. Waliopinga 13, waliokubali 2, mmoja hakuegemea upande. Kabla mwezi haujaisha, mkutano mkuu wa chama ulikuwa umegeukia kwake. Anayemtetea mtu atasema: hakuna tabaka lililozaliwa wala kufa katika wiki hizo tatu, aliyeongezeka ni Lenin. Anayetetea mwenendo wa historia atakumbusha kwamba katikati ya wiki hizo waraka wa waziri Milyukov, uliowaahidi washirika wa Urusi kwamba vita vitaendelea, uliwamwaga askari na wafanyakazi mitaani. Umati ulikuwa umeshaitangulia kamati. Lenin alikuta mlango umefunguka nusu.

Trotsky, kiongozi mwenzake Lenin ambaye hakuna awezaye kumshtaki kwa kuudharau Umaksi, aliandika katika shajara yake mwaka 1935 kwamba bila Lenin Mapinduzi ya Oktoba, yaliyowapa Wabolsheviki madaraka, yasingefanyika. Mwandishi Mmaksi Isaac Deutscher alimkosoa kwa hilo katika juzuu la tatu la wasifu aliomwandikia Trotsky, lililotoka 1963, akiona kwamba amejitenga na mafundisho. Inachekesha kidogo: Deutscher alitetea nadharia kwamba mtu hana uzito kiasi hicho, na alikuwa ametumia majuzuu matatu kuthibitisha kinyume chake.

Ugomvi huu hauishi kwa sababu pande zote mbili huuliza swali pana mno. "Historia ingekwendaje bila fulani?" ni swali lisilo na jalada la kulifungua. Mwandishi anayejua kazi yake hulikata vipande. Huanza na kalenda mbili sambamba: moja ya maisha ya mhusika, nyingine ya bei za mazao, mishahara, migomo na sheria za ardhi. Kisha hutafuta tarehe ambazo mhusika alitenda jambo lisilotarajiwa kwa mtu wa nafasi yake. Halafu, na hapa wengi huruka, huorodhesha watu wengine waliowahi kukalia nafasi ile ile, akaangalia walifanya nini. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayotenganisha uchambuzi na kubandika majina.

Toussaint Louverture, aliyeongoza mapinduzi ya watumwa wa Haiti hadi akawa mtawala, anaonyesha kwa nini. Mwaka 1938 C.L.R. James wa Trinidad alichapisha *The Black Jacobins*, historia ya mapinduzi ya watumwa wa San Domingo, Haiti ya leo. Humo Toussaint ni mtumwa wa shamba la Bréda, mwendesha gari la farasi na msimamizi wa mifugo, mwenye upeo ambao wakata miwa hawakupewa nafasi ya kuupata. James alisema wazi kwamba mapinduzi ndiyo yaliyomuumba Toussaint, kisha akaongeza kwamba hata huo si ukweli wote. Mwaka 1977 zikachapishwa nyaraka ambazo James hakuwa nazo: rejista ya 1776 inayomtaja Toussaint kuwa mtu huru, na mkataba wa 1779 unaoonyesha akikodi shamba la kahawa pamoja na watumwa 13.

Mmaksi mwenye haraka hapa hupiga makofi. Kumbe alikuwa na masilahi ya mwenye shamba! Ndiyo maana Oktoba 1800 alitoa kanuni za kuwarudisha wakulima kwenye mashamba makubwa chini ya usimamizi wa kijeshi. Ndiyo maana Novemba 1801, baada ya wafanyakazi wa kaskazini kuasi, jenerali Moyse, aliyemlea kama mpwa wake, alipigwa risasi. Maelezo yanaingia vizuri mno, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka.

Sasa walete wenzake. Jean-Jacques Dessalines alikuwa mtumwa hadi mapinduzi yalipoanza. Alipotawala kuanzia 1804, naye aliwarudisha watu mashambani. Henri Christophe alifanya hivyo hivyo kaskazini, nchi ilipogawanyika mara mbili. Asili tofauti, sera moja. Kinachowaunganisha ni nafasi: kila mmoja aliongoza dola changa iliyozungukwa na manowari za wenye watumwa, dola ambayo baruti yake ililipiwa kwa sukari na kahawa ya kuuza nje. Basi mkataba wa 1779, pamoja na utamu wake wote, hauelezi kanuni za 1800.

Lakini ukiendelea kuorodhesha unafika kwa Alexandre Pétion, mtoto wa Mfaransa, aliyezaliwa huru. Huyu akiwa rais kusini alianza mwaka 1809 kuwagawia askari wake ardhi. Kuna maelezo ya kiyakinifu, yaani ya hali halisi ya mali na madaraka, kwake pia: hazina ilikuwa tupu, na alikuwa akigombea utii wa askari dhidi ya Christophe. Sawa. Ila Moyse naye alikuwa jenerali kama wenzake, kamanda wa kaskazini, na hakuwa na raha na sera ya mashamba makubwa. Kwake nafasi haitoshi. Hapo ndipo wasifu unapoanza kustahili karatasi zake.

Kosa linalojirudia ni kuchukua tabaka alimozaliwa mtu na kulifanya ufunguo wa kila mlango. Mwanafalsafa Mfaransa Sartre alilikemea mwaka 1957 akimtolea mfano mshairi Valéry: ni kweli ni msomi wa tabaka la vibwanyenye, lakini si kila msomi wa tabaka hilo ni Valéry. Kosa la pili ni la kisiasa zaidi. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliwaeleza wajumbe wa chama chake maovu ya Stalin kwa kuyarudisha kwenye tabia ya mtu na ibada aliyojengewa. Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia, alihoji mwaka huo huo: zamani mema yote yalitokana na sifa za mtu mmoja, sasa mabaya yote yanatokana na kasoro zake, na hayo mawili hayana Umaksi ndani yake. Nyasifu nyingi za viongozi wa ukombozi Afrika zimeshikwa na ugonjwa huo. Ushindi ni wa umma, hasara ni ya mzee.

Mwalimu Nyerere ni mtihani mgumu, na kwetu ndio wenye faida. Kalenda mbili humsaidia msomaji mara moja: makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, Wameru wakafukuzwa Engare Nanyuki 1951, na katika miaka hiyo Nyerere alikuwa mwalimu Tabora, kisha mwanafunzi Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Vuguvugu lilikuwapo kabla yake. Hapo Umaksi hutoa huduma ambayo wasifu wa kusifia hauwezi kutoa.

Shida inakuja baada ya 1967. Katika kitabu chake cha 1976, mwanazuoni Mtanzania Issa Shivji alilisoma Azimio la Arusha kama hatua iliyolipatia tabaka la mabepari warasimu, yaani wakubwa wa dola, msingi wa kiuchumi, kupitia mashirika ya umma. Mabenki yalitaifishwa, mashirika yakaongezeka, na mameneja wakapata nguvu. Ila Azimio hilo hilo liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Tabaka gani hujitungia sheria ya kujibana hivyo? Mwaka 2020 Shivji, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, walitoa wasifu wa Nyerere katika majuzuu matatu. Ukubwa wenyewe wa kazi ile unakiri kwamba dhana ya tabaka tawala peke yake haikumaliza habari.

Chukua Ruvuma. Chama cha Maendeleo Ruvuma, chenye kitovu Litowa, Songea, kilikuwa muungano wa vijiji vya hiari, na Nyerere alikipenda kiasi kwamba kilimchangia mawazo ya Ujamaa Vijijini. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, mwenyekiti akiwa Nyerere mwenyewe. Maelezo ya kitabaka yana nguvu: wakulima waliojiamulia mambo yao waliwapokonya kazi viongozi wa mkoa na wa chama, nao wakajilinda. Yanachoshindwa kueleza ni ukimya wa mwenyekiti. Angeweza kutishia kujiuzulu. Uwaziri mkuu aliuacha Januari 1962, kwa hiyo kuacha kiti si jambo alilokuwa halijui. Aliuweka umoja wa chama juu ya vijiji alivyovipenda, na uamuzi huo ni wake.

Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Wapo wanaolieleza hilo kwa kukosa subira kwake, na wapo wanaolieleza kwa hitaji la dola kufikia mazao ya mkulima. Kwa kipimo cha wenzake, upande wa pili unaonekana kushinda: Msumbiji ya Samora Machel na Ethiopia ya Mengistu nazo ziliwahamishia watu vijijini, na viongozi hao hawakufanana na Mwalimu kwa tabia. Hata hivyo mfano wa Msumbiji una kasoro. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuishi humo miaka yote ya vita, ikiitazama Tanzania kwa karibu, na huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ilirithi vijiji ambavyo Wareno walikuwa wamewakusanyia watu kwa sababu za kijeshi. Anayetaka kuutumia mfano huo kama ushahidi dhidi ya uzito wa mtu hana budi kutenganisha kwanza kilichonakiliwa kwa Nyerere, kilichoachwa na jeshi la Ureno, na kilichozaliwa na hitaji la dola yenyewe. Kazi hiyo inafanyika wilaya kwa wilaya.