Ramani za miamba mtandaoni: kabati lipi lifunguliwe?

Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na ile ya Musongati nchini Burundi zimo katika mkanda mmoja wa miamba. Ukizitazama ramani za enzi za ukoloni huwezi kujua. Upande wa Tanganyika na Uganda miamba hiyo iliandikwa Karagwe-Ankole, Burundi ikapewa jina lake, Kongo jingine. Waingereza walichora kwao na Wabelgiji kwao, kila mmoja na rangi zake, na aliyetaka kuufuata mkanda wote alianza upya kila alipofika mpakani.

Kero ya namna hiyo ndiyo iliyozaa OneGeology, mradi wa kuunganisha ramani za miamba za nchi mbalimbali mtandaoni. Taasisi za jiolojia za nchi mbalimbali zilikutana Brighton, Uingereza, mwaka 2007, na mwaka uliofuata tovuti yao ikazinduliwa Oslo. Walilenga ramani ya dunia nzima kwa skeli ya 1:1,000,000, itazamwe bure. Kila nchi hubaki na data zake kwenye seva yake, yaani kompyuta ya kuzihifadhi, tovuti inazivuta na kuzionyesha pamoja. Data za nchi isiyo na seva huhifadhiwa na nchi yenye nayo, na hapo wengi hukunja uso: mali ni yetu, mashine iko Ulaya.

Wanaopinga ramani hizi kuwekwa wazi husema tunawaonyesha wageni dhahabu ilipo. Kwa ramani ya skeli hii, hofu hiyo naiona haina msingi. Milimita moja kwenye karatasi ni kilomita nzima ardhini. Utaona kwamba miamba ya kale ya Geita ina ndugu zake Migori, Kenya, lakini mshipa wa dhahabu wenye upana wa mita chache hautauona. Hakuna anayechimba shimo kwa kutegemea ramani hiyo. Kampuni kubwa zina pesa za kurusha ndege za utafiti na kununua data za kina. Anayeumia ramani zikifungiwa kabatini ni mwanafunzi wa chuo, au fundi wa visima anayehitaji kujua mapema kama yuko kwenye miamba ya volkano. Wakazi wa kandokando ya Mlima Meru, ambako floridi itokayo kwenye miamba hiyo huingia majini na kuharibu meno ya watoto, hawahitaji kuelezwa umuhimu wa jambo hilo.

Hoja ya mapato ina uzito kiasi, kwa kuwa taasisi nyingi za jiolojia hujazia bajeti kwa kuuza ramani. Basi ziuze zile za kina, hii ya jumla iachwe.

Lakini hofu hiyohiyo, ukiihamisha kutoka kwenye ramani kwenda kwenye data ghafi, inakuwa na haki kabisa. Namaanisha madaftari ya wanajiolojia wa porini, kumbukumbu za visima vya utafiti, matokeo ya maabara. Jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, linahifadhi nyaraka za namna hiyo kuhusu Kongo, zikiwemo za kampuni za madini za enzi za ukoloni. Julai 2025 KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa akili mnemba na yenye fedha za Bill Gates na Jeff Bezos miongoni mwa wawekezaji wake, ilitia saini makubaliano na serikali ya Kongo, na kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa za kidijitali ni sehemu yake.

Ahadi ni kwamba zitakuwa wazi kwa umma. Sawa, lakini uwazi una foleni. Mwenye kompyuta za kuchambua maelfu ya kurasa kwa wiki moja, na mwanajiolojia wa Lubumbashi anayesubiri ukurasa ufunguke kwa kifurushi cha simu, hawasomi kitu kimoja hata wakipewa siku moja. Kwa hiyo ramani ya jumla ningeiachia leo. Nyaraka za Tervuren ningetaka nakala kamili ikae kwanza Kinshasa, mikononi mwa wataalamu waliolipwa kuisoma, kabla mtu yeyote hajaomba leseni ya utafutaji kwa kuitegemea.