Nakala iliyomshinda mama yake

Miaka mitatu iliyopita nilichora kwa rangi za maji boginvilia iliyofunika ukuta wa chokaa kule Lamu. Maua niliyapaka Opera, lile waridi linalowaka kama taa ya duka la simu. Nilipochapisha nakala nikanuna: printa haikuufikia ule mng'ao, maua yalitoka yamepoa. Nikampa dada yangu. Mchoro wenyewe nikautundika sebuleni, mkabala na dirisha. Leo maua yangu yamechujuka kama khanga iliyosahauliwa kambani. Maua ya nakala ya dada yangu bado ni kama siku yalipochapishwa.

Kosa ni langu. Kinachoipa Opera ule mng'ao ni rangi ya floresenti, na floresenti haiwezani na jua. Siku hizi naanza na nyuma ya tyubu. Jina la mbele ni la kuuzia. Msimbo mdogo wa nyuma ndio rangi yenyewe. PB29 ni bluu ya ultramarini, nayo haitishwi na jua. Kwa waridi nanunua PV19, nayo huvumilia jua. PR83, ile nyekundu ya alizarini inayopendwa sana, naikwepa, kwani nayo hupauka.

Kwa hiyo boksi la rangi 24 kwa bei ya chee silitaki hata kwa zawadi. Humo unga wa rangi ni haba, kijazio ndicho kingi, ukichanganya rangi tatu unapata tope. Heri tyubu sita nzuri, ununue moja moja kila ukipata hela. Na karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyojikunja kama chapati ikilowa.

Sasa nakala. Mchoro ukikauka tu, naupeleka kwenye skana kabla haujaona dirisha. Kwa nakala ya A4 dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inatosha, yaani pikseli 2480 kwa 3508; nikitaka kukuza mara mbili kila upande, naskani kwa 600. Skana ina tabia ya kufuta michirizi hafifu, hasa mawingu, kwa hiyo narekebisha picha ya skana kwenye kompyuta, mchoro wenyewe ukiwa pembeni yangu. Kwa mchapishaji swali langu ni moja: wino wako ni wa pigimenti (unga wa rangi) au wa dai (rangi iliyoyeyushwa, "dye")? Wa dai hupauka upesi. Aliyenijibu "wino ni wino, bosi" nilimshukuru, nikabeba flashi yangu nikaondoka.

Boginvilia ya dada nimeiomba niiskani. Amekataa kuitoa kwenye fremu.