Ndoa ya Kiafrika kwa Kihispania

Kosa langu lilianzia kwenye maneno mawili. Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinikabidhi kazi ya kuchagua wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, nami nilikuwa nimechoshwa na nyimbo zile zile zinazopigwa Dar es Salaam kila Jumamosi, hivyo nikaangukia salsa. Nikaupata "La Rebelión" wa Joe Arroyo wa Kolombia, na ndani yake nikamsikia akitamka "matrimonio africano". Kamusi ya kwenye simu ikanihakikishia kwamba matrimonio ni ndoa. Ndoa ya Kiafrika! Sikuona haja ya kutafuta maana ya neno la tatu.

Nijitetee kidogo: wimbo wenyewe ni mtego. Tangu ulipotoka mwaka 1986, Wakolombia wameufanya wimbo wa sherehe, na ukisikia tarumbeta zake na kile kinanda kinachotiririka kama maji ya mfereji, miguu huondoka kabla masikio hayajauliza kinachosemwa.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Shemeji yangu, bwana harusi, ni mtu mwema mwenye miguu ya mbao, kwa hiyo nilimpa pambo moja tu: kila kiitikio kinapofika, ainue mkono wa kulia juu ya kichwa cha bibi harusi, auache hapo mpaka mpiga picha aridhike, ndipo amzungushe. Nilimsisitiza sana asiushushe mapema.

Siku ikafika, milango ikafunguliwa, watu wakasimama na simu zao. Kiitikio kikaja, mkono ukapanda. Hapo ndipo baba mdogo, aliyesomea udaktari Kuba enzi za ujana wake, alipoinuka na paja la kuku mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mshereheshaji na kuchukua maikrofoni.

"Nani amechagua wimbo huu?"

Nikanyoosha kidole kwa madaha, nikidhani napongezwa.

Baba mdogo akishika maikrofoni huwa haiachii. Alitueleza kwamba wanandoa wa kwenye wimbo ni watumwa wa Mhispania mmoja mjini Cartagena, huko huko Kolombia, miaka ya 1600. Kwamba bwana huyo alimpiga mke, na mume akaasi. Na kwamba Arroyo mwenyewe alizaliwa katika mji huo huo, uliokuwa bandari kubwa ya kushushia watumwa kutoka Afrika. Akamalizia kwa kiitikio: "No le pegue a la negra, yaani, usimpige mwanamke mweusi."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama shemeji, ambaye mkono wake, kwa utii niliomfunza mwenyewe, ulikuwa bado uko juu.

Mama wa bwana harusi alianza kurekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima umbali wa mlango wa jikoni. Tukaokolewa na shangazi, aliyepiga kigelegele kirefu, akasogea mbele kwa madoido, akambandika baba mdogo noti ya shilingi elfu kumi kwenye paji la uso na kutoa amri:

"Dijei, mwanangu, rudisha wimbo huo! Na bwana harusi asogezwe karibu na spika."

Ukarudishwa mara nne. Kufikia mara ya pili, akina mama wa upande wetu walikuwa wameshakimiliki kiitikio, wakiimba "nolepege alanegra" huku wakimnyooshea shemeji vidole, na kwa mara ya tatu hata mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa ameacha kilemba chake akijiunga nao.

Video ya harusi tunayo. Katika marudio yote manne, shemeji anacheza salsa na mikono yote miwili ikiwa mifukoni.